Gari Lililopenda Mteremko

Spika zilikata katikati ya neno. Mzee Tangazo alikuwa amefika kwenye "Kina mama wote wenye watoto wachanga, leo ni siku ya chan—" na zile spika mbili zilizofungwa juu ya paa la gari zikakohoa, zikakoroma, zikanyamaza. Soko zima likageuka kumwangalia. Akagonga kipaza sauti kwenye kiganja, akakipuliza, akakigonga tena, ingawa alijua vizuri kwamba kipaza sauti hakikuwa na kosa. Akazungusha ufunguo. Chini ya bonneti kikasikika kitu kama msonyo wa mtu aliyechoka kuombwa, basi.

"Limelala!" mchukuzi mmoja aliyekalia gunia la vitunguu akapiga kelele. "Jamani njooni, lile gari limelala tena!"

Wakaja wakicheka. Hawakuhitaji kuelezwa cha kufanya, kwa sababu kila mmoja wao alishawahi kulisukuma. Wakaegemeza mabega nyuma ya buti na kuanzisha ule wimbo wao wa kubebea magunia. Mke wa Mzee Tangazo, ambaye ni fundi cherehani na siku za kazi kubwa hufunga cherehani yake na kumsindikiza mumewe, alishuka upande wa pili akiwa amebeba jiwe. Akasimama nalo kando ya barabara, asijue aliweke wapi.

"Mama, jiwe la nini hapa?" mchukuzi wa vitunguu akamuuliza. "Unaogopa litakimbia?"

Soko likacheka upya. Pale palikuwa tambarare kama meza.

Jiwe lile lilikuwa na kazi yake. Gari la Mzee Tangazo lilikuwa gari la mteremko. Popote alipokwenda, alitafuta kwanza mahali palipoinama, akaliegesha likitazama chini, na mkewe akashuka kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Wakati wa kuondoka, jiwe linatolewa, gari linaserereka lenyewe, Mzee Tangazo anaachia klachi na injini inaamka bila kubembelezwa. Nyumba waliyopanga waliichagua kwa sababu barabara yake inashuka. Wageni walipouliza njia, watu wa nyumba ile hawakusema kulia wala kushoto. Walisema, "Ukiacha mteremko wa posta, unapanda ule wa shule." Siku hiyo ya chanjo mteremko wa soko ulikuwa umezibwa na lori la mbao, na Mzee Tangazo akasema moyoni, mara moja si kitu.

Afisa wa afya aliyemkodi alingoja mpaka injini ikawaka, ndipo akasogea dirishani. Alikuwa mama mpole, na upole wake ndio uliouma.

"Mzee wangu, sauti kama yako hapa mjini hakuna. Lakini kesho tutamchukua yule mwenye pikapu."

"Yule anayetangaza kama anagombana na watu?"

"Huyohuyo," akasema afisa. "Ila gari lake linawaka."

Binti yao wa pekee alirudi jioni. Kama kawaida yake alipitia nyuma ya nyumba kwanza, akasugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, mpaka vidole vikawa vyekundu na kucha zikabaki nyeusi vilevile. Alikuwa fundi umeme wa magari. Pale gereji wenzake walimwita Fyuzi, jina ambalo baba yake hakutaka kulisikia ndani ya nyumba.

"Baba, nimesikia," akasema walipokaa kula.

"Umesikia nini?"

"Ya sokoni. Mteja wetu mmoja alikuwa kule."

"Mteja wenu hana kazi ya kufanya?"

"Alikuwa mmoja wa waliosukuma."

Mama akainamia sahani yake. Mzee Tangazo akatafuna kwa muda mrefu chakula ambacho hakikuhitaji kutafunwa.

"Betri moja haitoshi, baba," binti akaendelea. "Ukizima injini, spika zinakula betri ileile inayotakiwa kuwasha gari. Zikishiba, stata inakosa. Unahitaji betri ya pili, ya spika peke yake."

"Gari hili limetoka kiwandani na betri moja. Waliolitengeneza walikuwa wajinga?"

"Walilitengeneza kubeba watu. Hawakujua litabeba mdomo."

Mama akacheka, akajifanya amepaliwa.

"Basi tangaza huku injini inanguruma," binti akasema. "Kama huyo wa pikapu."

Hapo Mzee Tangazo akaweka mkono mezani. "Nimtangazie mtu msiba wa mama yake huku kunanguruma? Asikie habari au asikie ekzosi? Mimi nikisema, mtu aliye ndani amefunga dirisha anajua nimesema nini. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe fanya yako huko kwenye kampuni yenu."

Neno "kampuni" lilikuwa la baba peke yake. Watu walipomuuliza binti yake anafanya nini, alijibu, "Yuko kwenye kampuni ya magari," akabadilisha mazungumzo. Siku moja alipita mbele ya gereji na wazee wenzake wawili. Binti alikuwa ameinama ndani ya bonneti, akainua kichwa, akamwona, akainua na mkono ulioshika spana. Baba akageukia upande wa pili na kuanza kuangalia paa la duka la viatu, kana kwamba paa lile lilikuwa na jambo. Binti akashusha mkono polepole. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile alijiapiza kwamba hatagusa gari la baba yake mpaka aombwe kama fundi anavyoombwa.

Mzee Tangazo alinunua betri ya pili bila kumwambia mtu. Malipo yote ya kazi ya chanjo, yale ya siku moja aliyolipwa, pamoja na alichokuwa amekiweka kwa ajili ya viatu vyake, yaliishia kwa muuza betri. Akangoja binti aende kazini, akaiweka nyuma ya kiti cha dereva, akakata waya mrefu aliouvua kwenye taa za zamani za sherehe, akafunga. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: moja inachoka haraka, mbili zitachoka polepole.

"Umemuuliza mwenye kazi yake?" mkewe akamuuliza kupitia dirishani, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani.

"Kufunga waya nako kuna mwenyewe?"

"Mimi sijui. Mimi nashona nguo."

Alifungulia muziki mlangoni kwake, injini ikiwa imezimwa, ajaribu. Muziki ukapiga asubuhi, ukapiga mchana. Jirani akatoka kuuliza kama kuna harusi. Mzee Tangazo alikaa kwenye kiti chake kibarazani akitingisha kichwa kwa kuridhika, akimtazama kila mpita njia kama mtu aliyejenga ghorofa. Alasiri muziki ukaanza kuvuta maneno, mwimbaji akawa kama anasinzia, kisha akalala.

"Sasa tazama," akamwambia mkewe. "Ya spika imekwisha. Ya gari ipo."

Akazungusha ufunguo. Hata ule msonyo haukuja.

"Zote mbili?" mkewe akauliza.

"Nadhani moja imeambukiza nyingine."

"Kwa hiyo ulikuwa na mgonjwa mmoja, sasa una maiti wawili."

"Toa jiwe," akasema Mzee Tangazo kwa hasira. Mteremko wa nyumbani haukuwahi kumwangusha. Mkewe akatoa jiwe. Gari likaserereka, likapita duka la jirani, likapita mti wa mwisho, Mzee Tangazo akaachia klachi, akaikanyaga, akaiachia tena. Betri zote zilikuwa zimekauka kiasi kwamba hata cheche ya kuamsha injini haikupatikana. Gari likafika chini kabisa, kwenye bomba la maji ambako mtaa mzima huja na ndoo, likasimama pale kimya na spika zake juu.

Binti alipotoka kazini alilikuta. Akaweka viganja kwenye kioo, akachungulia ndani, akaona betri mpya na ule waya wa taa za sherehe umepita katikati ya viti kama kamba ya kuanikia nguo. Alielewa kila kitu. Wanawake waliokuwa bombani walimtazama wakingoja aseme. Alipanda mteremko mpaka nyumbani, akaosha mikono, akala, akalala mapema. Baba naye akala akiinamia sahani, na mama aliyekuwa amekaa katikati yao alihisi kama mtu anayelinda vyungu viwili vilivyo jikoni, asijue kipi kitaanza kufurika.

Asubuhi iliyofuata mtu alibisha hodi kabla chai haijachemka. Alikuwa mtoto mkubwa wa mkunga, mwenye duka la dawa. Alikuwa bado hajanyoa ndevu, na macho yake yalisema kabla ya mdomo.

"Mama ametutoka," akasema.

Mke wa Mzee Tangazo akakaa chini hapohapo mlangoni. Mkunga yule alikuwa amezalisha nusu ya mji. Na kwa nyumba hii alikuwa zaidi ya hapo. Siku uchungu ulipomshika mke wa Mzee Tangazo, gari lilizimika njiani kuelekea hospitali, mahali tambarare, pasipo mteremko wa karibu. Mkunga alifuatwa kwa miguu, akaja na mkoba wake, akaingia kiti cha nyuma. Alipotoka, alikuwa ameshika mtoto wa kike, akamwambia Mzee Tangazo, "Mtu wako huyu hapa. Sasa nenda kanunue betri."

"Aliacha maneno," mwenye duka la dawa akasema. "Alisema siku hiyo anataka sauti yako. Tutamuaga pale uwanja wa mpira, kwa sababu hakuna mahali pengine watu watakapoenea."

"Uwanja wa mpira," Mzee Tangazo akarudia. Hapakuwa na ardhi tambarare kuliko ile.

Mgeni akatazama vidole vyake. "Mzee wangu, nikuambie ukweli. Ndugu zangu wanataka yule wa pikapu. Wanasema... unajua wanavyosema."

"Wanasema gari langu linasukumwa."

"Wanaogopa aibu. Jeneza liko mbele, watu wanalia, halafu spika zikate, tuanze kusukuma na kuimba. Mimi nimewaambia, ni neno la mama. Lakini nimeliona gari bombani nilipokuwa nakuja."

Mke wa Mzee Tangazo alimtazama mumewe. Alimwona akinyoosha mgongo kama anavyofanya kabla ya kushika kipaza sauti.

"Waambie ndugu zako sauti ni mimi," akasema. "Na gari litawaka."

Mgeni alipokwisha kuteremka, mkewe akamuuliza, "Litawakaje?"

Alikuwa ameshaingia chumbani kuvaa.

Alivaa shati lake la kazi, lile jeupe la kola ngumu ambalo mkewe alimshonea kwa ajili ya kutangazia. Akatembea mpaka gereji. Mbele yake palikuwa na dereva wa lori anayelalamikia taa na kijana mwenye teksi. Mzee Tangazo akasimama nyuma yao, zamu yake ifike.

Mwenye gereji akamwona. "Aa, Mzee Tangazo! Umekuja kumwona binti? Pita tu, pita."

"Nimekuja kumwona fundi umeme."

"Ndiye huyohuyo."

"Basi nitangoja zamu yangu."

Mafundi wakatazamana. Binti alikuwa amewapa mgongo, kichwa kimo ndani ya bonneti ya lori. Sauti ile isingeweza kumpita, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuisikia asiijue. Spana ikasimama mkononi mwake, kisha ikaendelea. Alimaliza lori. Alimaliza teksi. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, ndipo akageuka.

"Fundi," akasema baba yake.

Hakuwahi kumwita hivyo. Alilisema kwa sauti yake ya matangazo, si kwa kelele, ila kila mtu pale gereji alilisikia, na hata mwenye duka la viatu ng'ambo ya barabara aliinua uso.

Binti akatia kitambaa mfukoni. "Karibu, mzee. Gari lina nini?"

"Halina nguvu. Lina betri mbili na haliwaki."

"Betri mbili umefungiwa wapi?"

"Kuna fundi mmoja alinifungia."

"Fundi gani?"

"Jina limenitoka. Mjinga mmoja hivi, ana mvi."

Gereji ikalipuka kwa kicheko. Binti naye akacheka, akaweka mgongo wa mkono puani kama anayejikuna.

"Alizifunga moja kwa moja, chanya kwa chanya?"

"Moja kwa moja."

"Huo si ubaya wa betri, mzee. Mbili zikifungwa hivyo zinakuwa moja. Zikianza kunywewa zinanyweka zote. Nitakufungia, lakini nina masharti."

"Sema."

"Nikishafunga, huyo fundi mwenye mvi asiguse waya."

"Hatagusa."

"Na la pili." Akapunguza sauti. "Mimi siko kwenye kampuni."

Mzee Tangazo akatazama huku na huku: matairi yaliyopangwa ukutani, sakafu iliyolowa mafuta, bati lililotoboka likaacha jua liingie kwa madoa, na vijana wenye grisi mpaka kwenye nyusi ambao sasa walijifanya wana kazi nyingi.

"Ni gereji," akasema.

"Ni gereji, baba."

"Wakiniuliza, nitasema ni gereji."

Kazi ilifanyikia palepale bombani, kwa sababu gari halikuwa na namna ya kupanda. Binti alikwisha kuzipeleka betri zote mbili gereji zikajazwe, akazirudisha zikiwa nzito kwa uhai. Alianza kwa kuutoa waya wa taa za sherehe. Aliuviringa vizuri, akamkabidhi baba yake, naye akautia mfukoni haraka kama mtu aliyeokota nguo yake ya ndani mbele za watu.

Betri ya pili ilikwenda nyuma, kwenye buti, ndani ya sanduku lenye mfuniko. "Betri ya maji hupumua," binti akaeleza alipokuwa akipitisha mpira mwembamba kutoka kwenye sanduku hadi nje ya gari. "Ikipumulia ndani pamoja na nyinyi, siku cheche ikiruka mtajua." Waya aliopitisha kutoka mbele hadi nyuma ulikuwa mnene kama kidole, na kila ulipopenya bati aliuvisha mpira usikatwe, akaukwepesha mbali na ekzosi. Kila upande, karibu na betri, akaweka fyuzi. Mama alileta mkanda wa turubai alioushona mistari minne minne, akafunga nao sanduku mpaka likawa halitikisiki.

"Umeushona kama wa kubebea ng'ombe," Mzee Tangazo akasema.

"Nimeushona kama wa kumbeba mtu mzito," mkewe akajibu.

Kisha binti akatoa kidude kidogo cheusi, akakifunga karibu na betri ya mbele.

"Hiki ni nini?" baba akauliza. Alikuwa ameshika spana tatu, akizitoa moja moja kila alipoombwa, na mara mbili alitoa isiyo yenyewe.

"Rilei. Ichukulie kama mlango. Injini ikiwaka, mlango unafunguka, altaneta, ule mtambo wa kuzalisha umeme, inazijaza zote mbili. Ukizima injini, mlango unajifunga. Spika zitakula ya nyuma tu. Ya mbele haiguswi na mtu."

"Hata nikitangaza kutwa nzima?"

"Ya nyuma ikiisha spika zitanyamaza. Lakini gari litawaka."

Mwanamke mmoja aliyejaza ndoo zamani na bado hajaondoka akauliza, "Mwanangu, kumbe ni wewe unayefunga? Baba yako alituambia uko kwenye kampuni."

Binti akaendelea kukaza nati. Mzee Tangazo akaweka sawa shati lake.

"Gereji," akasema. "Ni fundi umeme wa gereji. Na wewe ndoo yako inamwagika."

Uwanja wa mpira ulijaa mpaka nyuma ya magoli. Mzee Tangazo aliegesha gari pale alipoonyeshwa, kwenye mstari wa katikati, akazima injini. Mkewe alikaa kiti cha mbele. Jiwe lilikuwa kati ya miguu yake. Hakulileta kwa kutokuamini. Mkono ulikuwa umelichukua wenyewe, kwa mazoea, na alipogundua walikuwa wameshafika.

Sauti ilitoka juu ya paa ikaenda mpaka kwenye ukuta wa mwisho, safi, bila mngurumo wa kitu chochote chini yake. Alitangaza ratiba, akamkaribisha huyu, akamshukuru yule. Hotuba ziliendelea kuliko ilivyopangwa, kama hotuba zinavyofanya. Jua likapanda, likakaa juu ya vichwa, likaanza kuteremka. Yule wa pikapu alikuwa amekuja kuomboleza kama wengine, na kila mara alitazama spika zile, kisha saa yake. Ndugu za marehemu nao walitazama. Mke wa Mzee Tangazo alikuwa amelibana jiwe kwa miguu bila kujua.

Mwishoni Mzee Tangazo akasimama nje ya gari, kipaza sauti mkononi, na kusema alichokuwa amekitunga mwenyewe.

"Nawaomba wote mliopokewa na mikono ya mama huyu, msimame."

Kisha viti vikaanza kulia. Akasimama mchukuzi wa vitunguu. Akasimama afisa wa afya. Wakasimama wachezaji wa timu ya mtaa, wenye teksi, mwalimu, yule wa pikapu, wanawake wa bombani na watoto wao migongoni. Nyuma kabisa akasimama binti, amevaa gauni jeusi aliloshonewa na mama yake, mikono ameificha nyuma kwa sababu ya kucha. Uwanja ukawa kama umeota watu. Waliobaki wamekaa walikuwa wazee tu, na wazee hao walilia.

Jeneza lilipoinuliwa, gari ndilo lililotakiwa kuongoza msafara. Mzee Tangazo akaingia, akafunga mlango. Nyuma yake akasikia nyayo anazozijua. Akatazama kwenye kioo. Wachukuzi walikuwa wameshajipanga kwenye buti, kwa heshima safari hii, bila wimbo, suruali zimekunjwa, mabega tayari.

"Taratibu, Mzee," mchukuzi wa vitunguu akanong'ona dirishani. "Leo tutasukuma kimyakimya. Ni kwa ajili ya mama."

Mkewe akafumba macho. Mzee Tangazo akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka kabla mkono haujamaliza kuzunguka. Gari likasogea mbele, na wale walioegemea nyuma wakapoteza walichoegemea, mmoja akapiga magoti kwenye nyasi. Mnong'ono ukakimbia uwanjani. Mzee Tangazo akakanyaga breki. Kisha, mbele ya watu wote, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mahali tambarare. Akalizima. Akangoja kidogo. Akaliwasha tena.

Likawaka.

Mtu huyu alikuwa na sheria moja katika kazi yake: kipaza sauti si cha mambo ya nyumbani kwake. Binti yake alipopotea sokoni akiwa mdogo, Mzee Tangazo alimtafuta kwa miguu, kibanda kwa kibanda, huku gari lenye spika limesimama palepale. Mkewe alikuwa bado hajamsamehe kwa hilo. Sasa akamwona anachukua kipaza sauti kutoka kwenye ndoano yake, anamtazama mwenye duka la dawa aliyesimama kando ya jeneza, kama anayeomba ruhusa. Mwenye duka la dawa akainamisha kichwa.

"Tangazo," ikasema sauti. "Tangazo. Hili ni la nyumbani kwangu, mniwie radhi. Mama huyu alimpokea mtoto wangu ndani ya gari hili, likiwa limezimika. Akaniambia nikanunue betri. Nimechelewa sana, lakini zipo mbili. Aliyezifunga ni mtoto huyohuyo. Ni fundi umeme wa magari, yuko gereji ya mtaa wa viatu. Yule pale nyuma, amevaa gauni jeusi. Fundi, njoo mbele. Kiti chako kiko wazi."

Watu wakampisha. Alikuja akitembea katikati yao, mwanzoni mikono ikiwa bado nyuma, na alipofika kwenye gari ikabidi aitoe ili afungue mlango. Akakaa kiti cha nyuma. Mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, binti akaushika, na mkono wa mama ulinuka jiwe.

Waliporudi nyumbani Mzee Tangazo aliegesha mlangoni, juu ya mteremko, likitazama chini. Mazoea ni mazoea. Mkewe akashuka na jiwe.

"Hili tulitupe?" akauliza.

Mzee Tangazo akalichukua, akaligeuzageuza. Upande mmoja ulikuwa umelainika kwa miaka ya gurudumu. "Litupwe limekosa nini?" akasema, akaliweka kwenye mlango wa mbele, ule unaopenda kujifunga kwa upepo.

Bado lipo pale. Sauti ya Mzee Tangazo ndiyo haipo. Asubuhi sauti hiyo ilipozima milele, gari lilitoka nyumbani likiwa na binti kwenye usukani na mama yake kando, likaenda kusimama sokoni, mahali tambarare, na injini ikazimwa ili kila mtu asikie vizuri. Wachukuzi waliacha magunia, wakavua kofia. Binti akashika kipaza sauti, akanyoosha mgongo.

"Tangazo," akasema. "Tangazo. Hili ni la nyumbani kwetu."